Kikombe Kimejivunja

Ndivyo alivyosema Daktari Rumyana,
jikoni kwangu Chumbageni, mwaka ule wa foleni za sukari:
"Kikombe kimejivunja."
Wanangu wakacheka hadi wakapaliwa na uji.
Nikamwambia, dada, kikombe hakina mikono.
Sema kimevunjika. Na ukitaka kusema kweli
sema, "Nimekivunja."

Akainama kuokota vigae, akaguna.
Kwao Plovdiv vikombe, milango, mioyo,
vyote hujitenda. Kuna kineno, *se*,
chembamba kama uzi wa kushonea kidonda,
na jambo lisilo na mwenyewe
hufungwa nacho, likaachwa hivyo.

Alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki
ukoo mzima wa lugha zao.
Mrusi amekigandisha mkiani mwa kitenzi
kama kupe, hakibanduki.
Mpolandi hukiacha kitembee,
leo mbele, kesho nyuma, mtoto asiye na saa ya kurudi.
Mcheki amekipa kiti cha pili katika sentensi,
hakihami hata paa livuje.
"Na nyie?"
Nikamwandikia: a-na-ji-osha.
Chetu kimelala ndani, kati ya wakati na mzizi,
kama mtoto kati ya baba na mama.

Akafurahi. Akaniambia kwao hata kucheka
hakuendi bila *se*. *Smeya se.*
Wala kuogopa. *Boya se.*
Nikauliza, "Yaani mnajicheka? Mnajiogopa?"
Akafungua mdomo, akaufunga.
Chai yake ikapoa. Nikajuta kuuliza.

Kisha usiku mmoja, wadi ya wazazi, Bombo,
jenereta imegoma, karabai inakoroma,
akaniita: "Mwantumu, nisomee hapa."
Nilikuwa nimeandika mwenyewe:
*Amejifungua saa tisa usiku, mtoto wa kike.*
"Nani alimfunga?"
Damu imemfika viwiko, naye anauliza sarufi!
Nikasema ndivyo tusemavyo.
"Lakini mimi nimevuta. Wewe umeshika taa.
Mkwewe yuko mlangoni na tasbihi tangu magharibi.
Tulikuwa wanne kwenye kitenzi hiki,
mbona umeandika mmoja?"

Mzazi, mke wa mkata mkonge wa Pongwe,
alidhaniwa amelala.
Akasema bila kufumbua macho:
"Mliokuwepo mlikuwepo, daktari.
Ila aliyefungwa ni mimi."

Mkataba ulipokwisha, alirudi kwao.
Barua zikaja, zikapungua, ikaja ya mwisho,
Kiswahili chake kimenyooka, kosa moja tu:
*Mume wangu amejifia.*
Nilishika kalamu nyekundu, mazoea ya zamani,
nikaisoma tena, nikaiweka kalamu chini.
Mbona twasema. Amejifia zake,
hakumsumbua mtu, hakungoja aitiwe mtu.
Sijui kama alijua, au kineno chake cha nyumbani
kilimponyoka tu kikaangukia mahali pake.

Leo mvua inapiga bati tangu saa nne.
Angekuwapo angesema *ne mi se spi*:
hakujilali kwangu.
Humo mimi si mtenda wala mtendwa,
nimekaa pembeni kama mpelekewa wa kifurushi
ambacho hakikufika.
Sisi twasema, leo hakulaliki.
Humo hata pembeni simo.
Limebaki hilo *ku-*, mahali patupu,
kitanda, chandarua, na mbu mmoja.

Naamka kuteleka chai.
Na kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia
isipokuwa sufuria,
nitasema: kile kikombe kilikuwa na ufa.
Niliuona asubuhi, nilipokuwa nakisuuza.
Nikampa hicho hicho.